Mmea wa Saba

Kisa hiki alikisimulia shangazi Selpher, Jumatatu ya Pasaka mwaka 2009, sebuleni kwake mtaa wa Satellite. Alikisimulia mara moja tu.

Agosti 2006 alikuwa akifanya kazi katika kitalu cha miche kando ya barabara, mtaa wa Karen. Mwenye kitalu, Mzee Gichuru, alimtuma jioni moja mwambani, kwenye kiwanja kilichokuwa kimeuzwa. Kesho yake mashine ingekuja kuvunja mawe. Pale, ndani ya nyufa, palikuwa na mimea saba ya ua dogo la buluu ambalo mzee alikuwa amelitafuta kwingine miaka kumi asilipate.

"Toa sita," alimwambia. "Mmoja uache. Ndivyo tunavyofanya, hata kama kesho utasagwa."

Jua lilikuwa linazama. Selpher alichokonoa kwa kisu, taratibu, mumewe Nashon akipokea kila mmea na kuufunga kwa gazeti lililoloweshwa. Sita. Wa saba ulikuwa na maua mengi kuliko yote. Auache usagwe? Roho ilimuuma.

Akautoa.

Upepo ukakoma. Harufu ya jiwe lililonyeshewa ikapanda... na mvua haikuwa imenyesha wiki tatu.

"Mmeniachia mingapi?"

Mwanamke mzee, peku, ameketi juu ya mwamba. Hawakumsikia akija.

"Mmoja, mama." Uongo ulimtoka Selpher hivyo tu.

"Uko wapi?"

Nashon, mtu wa mzaha, akapiga magoti na kutia mkono ndani ya shimo tupu hadi kifundo. "Huu hapa, mathe. Si unaona vile umeshika? Wewe umwagilie tu maji."

Krr... krr... Kama kucha juu ya jiwe. Chini.

Kicheko kikamkauka. Alivuta mkono mara mbili kabla haujatoka.

"Nimeuona," mwanamke akanong'ona. "Nitaujia ukichanua."

Walipoinua macho, mwamba ulikuwa mtupu.

"Selpher," Nashon akasema njiani, "kuna kitu ilinishika."

"Nyamaza. Tembea."

Alfajiri Selpher alichukua mmea mmoja, akakimbia kuurudisha. Mashine ilikuwa imemtangulia. Mwamba wote ulikuwa kokoto.

Mkono wa Nashon haukupata joto tena. Udongo mweusi ulikaa chini ya kucha zake, hata asugue kwa brashi. Februari iliyofuata alifariki. Walimzika kwao Siaya, katika udongo mwekundu usio na jiwe hata moja. Mvua za Aprili zilipoanza, juu ya kaburi likachanua ua la buluu.

Moja.

Hakuna aliyelipanda. Siku ya tatu lilikuwa limetolewa, na mahali pake pamebaki shimo la kina cha mkono, hadi kifundo.

Mzee Gichuru naye alifariki mwaka 2008. Shangazi Selpher yu hai. Mimea yote saba, aliyoihamisha kutoka kitaluni, iko hai pia, kwenye makopo nyuma ya nyumba yake, lakini hakubali mtu aihesabu.