Simu Yangu Ilinipongeza Msibani

"Hongera sana, Keila! Umejishindia pointi elfu tatu!"

Wapendwa, sauti hiyo ilitoka kwenye mkoba wangu. Nilikuwa nimesimama karibu kabisa na jeneza. Kanisa dogo la makaburini kimya, watu wanasali... na simu yangu inanipongeza!

Nikaanza kupekua mkoba kwa fujo. Funguo zikaanguka. Rangi ya mdomo ikabingirika mpaka miguuni kwa padri.

"Hongera sana, Keila!" simu ikarudia.

Ivanete, mke wa marehemu, akainua kichwa. Bosi wetu akanitazama. Akalitazama shada kubwa la maua lenye utepe wa kampuni, halafu akanirudia mimi. Nikaona kabisa kwamba ameelewa.

Ndiyo. Pointi zile zilitoka kwenye shada la marehemu.

Najua mmeshaanza kunitukana. Tukaneni, ila nisikilizeni kwanza.

Mimi na Adailton tulikuwa tunauza dawa na chumvi za ng'ombe, tunazunguka mashambani kote jimbo la Goiás, huku Brazili. Hoteli, mafuta, chakula cha mchana na wafugaji, vyote unalipa kwa kadi yako mwenyewe, mwisho wa mwezi kampuni inakurudishia. Yeye ndiye aliyenifundisha kuchagua kadi.

"Mdogo wangu, hii ya bure iache," aliniambia. "Chukua inayotoa maili za ndege, yaani pointi za kununulia tiketi. Ada yake ya mwaka imechangamka, lakini kwa mizunguko yetu itajilipa. Hela za kazi zinarudi, maili zinabaki zako. Ila bili lipa yote, siku yake. Ukichelewa, riba inakula kila kitu."

Nikaichukua. Toka siku hiyo nikawa mgonjwa!

Bili ikiletwa mezani, mkono wangu umeshafika. "Pitisha kwangu!" Wafugaji walidhani nina roho nzuri. Kumbe mimi natafuta maili.

Shida ni kwamba Adailton naye alikuwa na kadi kama yangu. Basi tukawa tunaamua kwa mchezo wa shufwa na witiri. Mmoja anachagua shufwa, yaani jumla igawanyike kwa mbili, au witiri, isigawanyike; mnatoa vidole kwa pamoja, mnajumlisha. Aliyeshinda ndiye anayelipa. Mhudumu amesimama pale na mashine yake ya kadi, anacheka.

"Shufwa!" nasema.

Vidole vinatoka.

"Aah, umenipiga tena wewe mtoto!"

Karibu kila siku nilimshinda. Nilijiona mjanja kweli!

Siku moja tukiwa barabarani akaniuliza, "Hizi maili zote unazipeleka wapi?"

"Nataka kumpeleka mama Belém, kaka. Ni kwao, mbali kaskazini. Akaone maandamano ya Bikira Maria wa Nazaré mwezi wa kumi. Hajarudi tangu alipoondoka akiwa msichana."

Hapo sikudanganya. Kila mwaka mama alikuwa anayafuata kwenye runinga, amekisogeza kiti mpaka mbele ya kioo, na leso mkononi. Nia nilikuwa nayo jamani...

Ila mwezi wa kumi ulipofika, mpenzi wangu Weverton akasema, "Twende zetu ufukweni, mama yako mwakani." Na mimi nikakubali. Maili zote zikaishia kwenye mchanga na maji ya madafu!

Nikarudi kazini nimeungua mabega. Adailton akanidaka mlangoni.

"Vipi Belém?"

"Mama alilia kwa furaha, kaka."

Akanishika mikono yote miwili. "Mungu akubariki."

Sikuona hata aibu. Nilienda zangu kumimina kahawa.

Jumatano moja mwaka huu moyo wa Adailton ukasimama ghafla. Ofisi nzima inalia, bosi anauliza, "Nani atalipia shada? Kampuni itamrudishia."

"Pitisha kwangu!" nikasema. Machozi yalikuwa bado mashavuni. Nikaingia mtandaoni kutafuta duka la maua linalotoa pointi mara tatu, nikachagua shada kubwa kuliko alilosema bosi. Ndivyo nilivyokuwa, wapendwa.

Na mama aling'ang'ania kuja msibani, kwa sababu Adailton hakuwahi kupita mashambani asinipe jibini nimpelekee.

Sasa turudi pale kanisani.

Ivanete akanijia. Nikajua nafukuzwa. Badala yake akanikumbatia!

"Keila na pointi zako..." akasema huku analia na kucheka. "Mwenyewe angekuwepo angecheka mpaka akae chini."

"Nisamehe, shemeji."

"Unajua kama alikuwa anakuachia?"

"Ananiachia nini?"

"Mchezo wenu. Aliniambia, 'Keila anatoa vidole vitatu kila mara, naweza kumshinda nikiwa usingizini. Lakini mama yake anataka Belém.' Sisi tulikuwa tunakusanya tuende baharini. Mimi bahari sijawahi kuiona. Akaniambia, sisi tutaenda mwaka ujao..."

Bahari! Ile ile niliyokwenda mimi na Weverton. Nikashika mgongo wa benchi.

Halafu akamgeukia mama, akamshika mkono.

"Na wewe ndiye mama Osmarina! Mume wangu alifurahi sana mlipokwenda. Hebu niambie mama, Belém mwaka jana ilikuwaje?"

Mama akanitazama.

Bosi yupo pale, wenzangu wa ofisini wamesogea wasikie. Nilisubiri tu mama aseme ukweli, na haki alikuwa nayo.

Mama akaweka chini kikombe cha kahawa waliyokuwa wakiwagawia waombolezaji, polepole.

"Ilikuwa nzuri, mwanangu," akasema. "Watu wamejaa, huwezi hata kuinua mkono. Niliishika ile kamba yao ya kuvutia gari la Bikira, pekupeku. Ndara zangu zilipotelea humo humo! Watu wanakumwagia maji kichwani usije ukazimia. Na mchana tukala bata wa mchuzi wa muhogo, ule wa majani yanayotia ulimi ganzi... Nilimwombea na mumeo."

Ivanete akamlalia begani. "Basi afadhali," akasema. "Afadhali maili zake hakuziacha bure."

Mama alikuwa anasimulia siku yake ya mwisho kwao, kabla mimi sijazaliwa. Alinifichia aibu yangu kwa kumbukumbu yake pekee aliyokuwa nayo. Nimewahi kutukanwa maishani, nimewahi kuachwa, lakini hakuna kilichoniumiza kama kusikia mama yangu akinidanganyia.

Ndani ya gari nikajaribu.

"Mama..."

"Angalia barabara."

Tukaenda. Mbele kidogo akauliza, "Mwezi huo wa kumi ulikuwa wapi?"

"Baharini. Na Weverton."

"Maji yalikuwa mazuri?"

"Ndiyo, mama."

"Haya."

Bora angenizaba kibao!

Baada ya misa ya siku ya saba nilikwenda kwa Ivanete, mama akiwa pembeni yangu. Nilishahesabu maili zangu, na hizo za shada zikiwemo. Zilitosha tiketi mbili, ya tatu haipo.

"Shemeji, nataka nikupeleke baharini. Wewe na mtu umpendaye."

Akatikisa kichwa. "Baharini niende na nani sasa? Toka siku ile naota hiyo kamba. Nataka Belém. Na nataka mama Osmarina anipeleke, maana yeye anapajua."

Nikamgeukia mama.

"Sawa, mwanangu," akasema. "Twende tena."

Hilo neno *tena* alilisema akinitazama mimi.

Mwezi wa kumi umefika, na leo asubuhi nimewasindikiza uwanja wa ndege. Tumekunywa kahawa na vimkate vya jibini, bili ikaja. Ivanete akakunja ngumi, akaniletea mbele.

"Shufwa au witiri?"

"Shufwa," nikasema.

Nikatoa vitatu bila hata kufikiri. Yeye akatoa kimoja.

"Kweli vitatu kila mara!" akapiga kelele, macho yamejaa machozi. "Haya umeshinda, lipa."

Nikafungua pochi. Kadi ilikuwa juu kabisa, inang'aa. Nikaipita, nikatoa noti.

Mama aliona. Alipokuwa anaondoka alinifungia kifungo cha juu cha blauzi, kama alivyokuwa akinifanyia nikienda shule. Mimi nikalia pale pale, katikati ya masanduku ya watu.

Ndugu zangu, kadi yenye maili chukueni, wala si dhambi. Lakini usitembeze jina la mama yako mezani ili watu wakuhurumie, halafu ukala peke yako. Kuna mtu atakuamini, na atajinyima kwa ajili yako bila kukuambia.

Ivanete mpaka sasa hajui. Amenikumbatia getini, akaniambia, "Una roho nzuri kama alivyosema Adailton."

Na mimi nikaitikia, "Asante, shemeji."