Kompaila ya Limi na Duara la Zamani

Limi alifagia uwanja ingawa zamu haikuwa yake. Nyumba ile ya Nyasubi, mjini Kahama, ilikuwa na wapangaji sita, na kila mmoja alikuwa na siku yake ya ufagio. Jumatano ilikuwa siku ya Mwanaima. Lakini mwenye mawazo hushika hata ufagio wa mwenzake, maana mikono ikipumzika tu, kichwa kinaanza.

Alipomaliza aliinjika uji. Ulipoiva aliuipua, akauacha upoe hukohuko jikoni. Akaingia chumbani, akakaa kitandani, akaitazama kompyuta yake iliyokuwa juu ya ndoo. Ndoo ndiyo ilikuwa meza.

Ilikuwa kompyuta ndogo ya mkononi, ya mtumba, ya siku nyingi. Baba yake, Mzee Donatus wa Segese, aliuza ng'ombe wake wa maziwa ili kuinunua. Ndiye aliyekuwa wa mwisho zizini. Siku alipomkabidhi binti yake alisema, "Haya, mayu, huyu ndiye ng'ombe wako sasa. Mchunge." Mayu ni mama kwa Kisukuma, na baba humwita hivyo binti anayempenda.

Sasa ng'ombe huyo alikuwa amegoma kutoa maziwa.

Limi alikuwa akisoma mambo ya kompyuta katika chuo kimoja pale mjini. Mwalimu Sostenes aliwapa kazi: kila mmoja aandike programu kwa lugha ya C. Limi aliandika programu ya josho. Mfugaji anaingiza jina la ng'ombe na siku alipoogeshwa dawa ya kupe. Programu inamwambia ni ng'ombe gani amepitwa na siku. Aliiandika kwanza kwenye daftari, kisha akaiingiza kwenye kompyuta herufi kwa herufi.

Lakini kompyuta haielewi maandishi hayo vivi hivi. Yanahitaji kugeuzwa kuwa kitu ambacho mashine inaweza kukifanya. Kazi hiyo hufanywa na programu nyingine iitwayo kompaila. Bila kompaila, kazi yote ya Limi ilikuwa maandishi tu.

Kompaila ya chuo ilikuwa kubwa mno, haikuingia kwenye mashine yake. Mwalimu alikuwa amesema, "Wenye mashine ndogo, tafuteni kompaila mbadala. Zipo nyingi, na za bure. Mimi nataka programu itembee, basi."

Mara ya kwanza programu ya Limi haikutembea. Ijumaa hii ilikuwa mara ya pili, na ya mwisho. Anayeshindwa mara mbili anarudia mwaka. Na zizini kwao hakukuwa na ng'ombe wa kulipia mwaka mwingine. Angerudi Segese kuponda mawe ya dhahabu, avute vumbi hilo hadi azeeke, kama angefika huko kuzeeka.

Kwao hawakuwa wageni wa balaa. Kaka yake, Cornel, alikuwa mchimbaji. Alifariki mwaka juzi. Wala hakufia kwenye duara lake, yaani shimo alilokuwa akichimba. Alikuwa anarudi nyumbani jioni, akakatisha nyuma ya josho, akatumbukia kwenye duara la zamani lililofunikwa na majani. Desturi ya wachimbaji ni hiyo. Duara likikauka wanahama hatua kumi, wanachimba jingine. La kwanza wanaliacha wazi. Nani apoteze nguvu kufukia shimo lisilo na dhahabu?

Mpaka leo watu humwita mama yao Mama Cornel. Yeye huitika. Limi akisikia jina hilo hukosa pa kuangalia.

Jumatano hiyo Limi aliwasha kompyuta, akajaribu tena. Kompaila ya kwanza alikuwa amepewa na mwanafunzi mwenzake, Chacha, kwenye flashi. Ilikuwa folda tu, akainakili. Chacha akamwonyesha na namna ya kuisajili kwenye mashine, akasema, "Hii ndiyo ninayotumia mimi. Haina shida." Kumbe ilikuwa ya zamani. Ilikataa mstari wa kumi na nne.

Limi hakuusoma ujumbe wa kosa. Ulikuwa wa Kiingereza, tena mwekundu, akauogopa. Akapakua kompaila ya pili. Hiyo haikufunguka kabisa. Akapakua ya tatu, akaisimika. Ya tatu ilikubali! Akaandika amri, akabonyeza.

Kosa. Mstari wa kumi na nne. Maneno yaleyale.

"Sasa si nimeweka mpya?" alisema kwa sauti, peke yake. "Nimeweka mpya, jamani!"

Alijaribu mara saba, kana kwamba mashine ingechoka kumkatalia. Mfa maji haachi kutapatapa. Mara ya nane alifunika kompyuta, akalala chali. Aliona yeye ndiye mwenye kasoro, na kwamba ng'ombe wa baba yake ameuzwa bure. Siku nzima hakula.

Alhamisi asubuhi alikwenda kwa fundi mmoja wa pale stendi. Fundi hakuuliza maswali mengi. "Mashine imechafuka hii. Ilete mchana tufute kila kitu, tuanze upya."

Limi akarudi nyumbani kuchukua waya wa chaji. Akiwa anatoka, mlangoni alikutana na Mwanaima, jirani yake wa chumba cha pili. Watu walimwita Mama Kudra. Alikuwa na duka la steshenari karibu na soko, na watu wengi hawakujua kwamba kwa miaka mingi alikuwa akitengeneza kompyuta za ofisi moja huko Shinyanga mjini.

"Shikamoo, Mama Kudra."

"Marahaba. Jana umenifagilia uwanja, leo unapita kama umefiwa. Kuna nini?"

"Hakuna."

"Hakuna gani? Uji wako wa jana nimeukuta jikoni, umeganda hadi umefanya ngozi. Sema."

Limi alisema yote, akiwa amesimama palepale na waya mkononi. Alipofika kwenye maneno ya fundi, Mwanaima aliinua kiganja.

"Ngoja kwanza. Afute kila kitu? Na programu yako umeihifadhi wapi?"

"Humohumo kwenye folda ya kompaila. Ile ya Chacha."

"Una nakala kwingine?"

Limi alitikisa kichwa. Mwanaima alivuta pumzi. "Mwanangu, leo mchana ungezika mgonjwa pamoja na dawa yake. Lete hiyo mashine."

Wakakaa kwenye mkeka, kompyuta juu ya ndoo. Jambo la kwanza Mwanaima alilofanya lilikuwa kunakili programu ya josho. Akaiweka kwenye folda mpya, na nyingine kwenye flashi. "Kazi yako isikae ndani ya folda ya kompaila hata siku moja," alisema. "Kompaila unaweza kuipata tena bure. Kazi yako hutaipata popote. Haya, nionyeshe kosa."

Limi akaonyesha. Mwanaima akausoma ujumbe polepole, kwa kidole.

"Umewahi kuusoma?"

"Ni mrefu."

"Ni mrefu, lakini mwanzo wake unatosha. Soma kosa la kwanza kabla ya mengine, maana mengine huwa ni watoto wake. Hapa inasema namna uliyoandika mstari huu haiikubali. Namna hii ni ya kawaida siku hizi. Kompaila mpya isingeikataa."

"Lakini hii ni mpya! Nimeisimika jana kwa mkono wangu."

"Una hakika ni hiyo inayokujibu?"

Hilo Limi hakuwahi kulifikiria.

Mwanaima akafungua dirisha jeusi la kuandikia amri. Akaandika maneno mawili: where gcc. "Gcc ndilo jina la kompaila yako. Hapa nauliza, gcc ziko wapi?"

Yakatokea majibu mawili, moja juu ya jingine. La juu lilikuwa folda ya Chacha. La chini lilikuwa ile ya jana.

"Zipo mbili," Limi alisema.

"Zipo mbili, na zina jina moja. Sasa sikiliza. Kompyuta ina orodha ya njia za kupita, inaitwa PATH. Ukiita gcc, mashine inashuka kwenye orodha hiyo kutoka juu. Haichagui iliyo bora. Inayokutana nayo kwanza, inaingia humo. Mpya yako ni nzima, lakini iko chini. Mashine haijawahi kuifikia. Kila siku inatumbukia kwenye ya zamani, kwa sababu uliiacha wazi ukahamia nyingine."

Limi aliinamisha uso. Mwanaima alidhani hajaelewa, akataka kueleza tena. Ndipo alipoona machozi.

"Nini tena?"

"Cornel," alisema Limi.

Mwanaima alikuwa mwenyeji wa kutosha kuijua habari ile. Akamshika Limi bega mpaka Limi alipojifuta uso kwa kanga.

"Tuendelee," Limi alisema. "Nataka kuifuta kwa mkono wangu."

Mwanaima alimwelekeza, Limi akafanya. Alifungua mipangilio ya mfumo, akaingia kwenye orodha ya PATH, akaiondoa njia ya folda ya zamani. Hiyo tu, nyingine hakukusudia kuzigusa. Kisha akafuta folda yenyewe, maana nakala ya kazi ilikuwa salama.

"Na ile ya pili iliyokataa kufunguka?" aliuliza.

"Mashine yako ni ya biti 32. Wewe ulipakua ya biti 64, ya mashine za aina nyingine. Kabla ya kupakua, angalia kwanza aina ya mfumo wako kwenye mipangilio. Na upakue kwa wenyewe walioitengeneza. Flashi za kupeana huleta vitu vya zamani, na virusi juu. Hiyo nayo iondoe, inakula nafasi bure."

Limi akaiondoa. Akalifunga lile dirisha jeusi, akafungua jingine, akaandika amri, akabonyeza.

Mashine ikajibu kwamba haiijui kabisa gcc.

Limi akauachia mkono wake ukaanguka kwenye mkeka. "Basi," alisema. "Mama Kudra, basi. Nimeua hata kilichokuwepo. Niache nimpigie baba nimwambie."

"Utampigia umwambie nini? Soma, usilie. Inasema nini?"

"Haiijui."

"Haiijui kwa sababu hakuna njia kwenye orodha inayoifikisha kwa gcc. Ya zamani umeiondoa wewe mwenyewe. Na njia ya mpya iko sawa?"

Limi alitazama tena. Alirudi kwenye orodha ya PATH. Akakagua njia ya kompaila mpya herufi kwa herufi. Ilikuwa na kosa: wakati wa kuiondoa njia ya zamani, mkono ulikuwa umefuta na sehemu ya mwisho ya hii. Akairekebisha iishie kwenye folda ya bin, mahali kompaila yenyewe inapokaa. Akafunga madirisha yote. Akafungua jipya ili lisome orodha mpya.

"Usianze na programu kubwa," Mwanaima alisema. "Iulize kwanza toleo lake."

Limi akaandika gcc --version. Mashine ikataja toleo la ile mpya. Akaandika programu fupi ya kuandika neno moja tu, Segese. Ikatembea. Segese likatokea kwenye kioo.

Ndipo akaileta programu ya josho. Mstari wa kumi na nne ukapita kimya. Kosa likatokea mstari wa thelathini na mbili. Safari hii Limi aliusoma ujumbe mwenyewe. Alikuwa amesahau nukta-mkato. Akaiweka, programu ikatembea.

Hakushangilia. Alikuwa amechoka mno. Alitazama tu ng'ombe wa majaribio wakijipanga kwenye kioo, na yule aliyepitwa na siku akitajwa wa kwanza.

Ijumaa Mwalimu Sostenes aliingiza majina ya ng'ombe wake mwenyewe, wanne, na tarehe za uongo. Programu ikamtaja aliyepitwa. Akajaribu kuikorofisha, haikukorofika. "Umepita," alisema. "Nusura ushindwe, lakini umepita. Kompaila gani hii?"

"Ni mbadala, Mwalimu. Iko peke yake kwenye mashine."

Nje ya chuo alimpigia baba yake.

"Mwangaluka, baba."

"Mwangaluka, mayu. Ng'ombe ametoa maziwa?"

"Ametoa, baba. Nimepita."

Mzee Donatus alicheka. Limi akangoja amalize.

"Baba, lile duara la nyuma ya josho limefukiwa?"



"Bado," mzee alisema. "Wenyewe walishahama. Nani alifukie?"

"Kesho nakuja. Mwambie mwenyekiti wa kitongoji, na utafute majembe."

Jumamosi walikuwa wanne: Limi, baba yake, mwenyekiti na mama. Udongo uliotolewa mle duarani ulikuwa bado umerundikwa pembeni, kama ulivyoachwa. Walisimama mbali na ukingo, wakawa wanausukuma kwa majembe, mama akiubeba kwa karai. Mchana ulifika na shimo halikuonyesha dalili ya kujaa. Lingewachukua Jumamosi nyingi.

Wachimbaji wawili walipita, wakasimama.

"Shikamoo, Mama Cornel. Mnatafuta nini hapo? Duara hilo lilishakauka, halina kitu."

"Marahaba," alijibu mama. Alijitwika karai la udongo. "Tunajua halina kitu. Tunafukia."

Akamwaga, akarudi kujaza jingine. Wale vijana walitazamana. Kisha mmoja akatua mzigo wake, akachukua jembe la mzee.