Mwenzangu Hapendi Miguu Myembamba

Ghala la samani za zamani lilikuwa limefurika watu Jumamosi ile. Makabati yalipandiana hadi karibu na dari, vitanda vilisimamishwa ukutani, na wapagazi walipita katikati wakiomba njia kwa viwiko. Kwenye kona ya meza ndogo za pembeni alikuwa ameinama mwanamke aliyevaa gauni la kitani la rangi ya zabibu, akiipima meza moja kwa shubiri za mkono wake. Alikuwa mfamasia, na baada ya miaka mingi ya kukaa kwa shangazi yake, ndiyo kwanza alikuwa amepanga nyumba yake mwenyewe. Sofa alikuwa nayo, na taa alikuwa nayo. Alichokosa ni mahali pa kuweka kikombe.

Shubiri ya mwisho ilitua juu ya mkono wa mtu.

Mwenye mkono aliomba radhi. Alikuwa mwanamume mrefu, mikono ya shati lake jeupe ameikunja, suruali yake ya kaki ina vumbi jekundu la viwanja alivyovipima wiki nzima, maana kazi yake ilikuwa upimaji wa ardhi. Alitoa futi mfukoni akamwazima. Akamweleza kwamba meza ya kando ya sofa isipite urefu wa mkono wa sofa, ama sivyo chai itamwagika kila siku. Mfamasia akainusa meza na kumwambia kwamba chai si shida, shida ni vanishi hii inayonuka kama imepakwa jana. Mpimaji akaipindua. Unga mwepesi wa mbao iliyobunguliwa na wadudu ukamdondokea viatuni.

Muuzaji alipoona wameshikilia meza moja, akauliza wanataka yenye mtoto au isiyo na mtoto. Alimaanisha droo.

"Mimi yenye mtoto," mfamasia akasema.

"Hata mimi," akasema mpimaji. "Na wakiwa wawili, sikatai."

Muuzaji alicheka mpaka akashika kabati. Wao wawili wakatazama dari.

Hakuna aliyenunua kitu siku hiyo, lakini kila mmoja aliondoka na namba ya simu ya mwenzake. Jioni mdogo wake mfamasia akampigia kuuliza kama amepata meza au amepata mtu. Dada mtu akajibu kwamba meza zote zimeliwa na wadudu. Mdogo wake akamwambia hakuuliza habari za wadudu.

Jumamosi zikawa zao. Waliingia maghala, wakaingia nyumba za watu wanaohama, wakapindua meza zisizo na idadi kutazama maungio yake. Mpimaji alipenda mbao nzito, nyeusi, zenye alama za vikombe vya watu waliokwisha kusahauliwa. Alisema meza isiyo na kovu haijawahi kukaa na watu. Mfamasia alipenda meza nyepesi zinazosimama kwa madaha. Yeye akamwita Bwana Futi, naye akaitwa Bibi Shubiri. Kila adhuhuri simu ililia kwenye duka lake la dawa, na sauti ya mfamasia ikalainika kiasi kwamba wagonjwa waliokuwa dirishani walipona nusu kabla ya kupewa dawa.

Hakuna aliyetamka neno lenyewe. Mfamasia aliona hakuna haraka. Tunda likiiva, alijiambia, halihitaji kupigiwa kelele.

Kisha wakaipata ile meza ya duara. Ilikuwa na miguu mitatu mirefu iliyopinda kama shingo za ndege, na mfamasia alipoiona aliizunguka mara mbili bila kuipima. Mpimaji akaipindua kama kawaida yake. Skrubu zilikuwa mpya, zinang'aa, na upande wa chini ulikuwa mweupe kabisa. Akasema uzee wa meza hii ni wa kupakwa, imezaliwa juzi. Alipoona uso wa mwenzake umesinyaa, akajaribu kuligeuza kuwa mzaha.

"Halafu miguu yenyewe," akasema. "Mwenzangu hapendi miguu myembamba."

Mfamasia alidhani hakusikia vizuri. Mwenzangu nani? Mtu anaweza kuwa na mwenzake kazini, au mtaani, au hata safarini. Lakini mwanamume anayezungumzia samani za nyumbani kwake, mwenzake huwa ni mmoja tu. Alikuwa bado anatafuta namna ya kuuliza bila kuonekana anauliza, simu ya mpimaji ikatetemeka juu ya meza. Kwenye kioo chake aliyasoma maneno mawili: Mke Wangu.

Mpimaji aliipokea bila wasiwasi wowote. Akasema ndiyo, mama, anakuja, na mkate ataupitia. Alisema kwa sauti ile ile ya upole ambayo mfamasia alidhani ni yake peke yake.

Hakugombana naye. Alisema kichwa kinamuuma, akaondoka.

Kilichomtesa siku zilizofuata ni kwamba hakuona mahali alipodanganywa. Mtu huyu hakuwahi kusema hana mke. Yeye naye hakuwahi kuuliza. Kila mara alisema "nyumbani kwetu", lakini nani asiyesema kwetu? Hata anayeishi na paka husema kwetu. Pengine alikuwa mwanamume muungwana anayependa meza tu, na mengine yote yeye mfamasia ndiye aliyeyafuma kichwani. Halafu anakumbuka lile la watoto wawili, na hasira zinarudi, kisha haya, kisha hajui ni lipi kati ya hayo. Akaacha kupokea simu.

Mpimaji alipotea kuliko yeye. Aliirudia Jumamosi ile kichwani tangu mwanzo hadi mwisho, na kosa pekee aliloliona lilikuwa meza. Basi akaanza kuiombea msamaha kwa ujumbe wa sauti. Wa kwanza ulisema kwamba skrubu mpya si dhambi. Wa pili ulisema kwamba hata ile miguu, mtu akiizoea, ina adabu zake. Mfamasia aliusikiliza kila mmoja akiwa stoo katikati ya maboksi ya dawa, na kila alipomaliza alizidi kutoelewa. Mdogo wake alisema ameona wanaume wenye wake wakidanganya kwa kila njia, ila wa kuitetea meza hajamwona. Akamshauri aufute ujumbe wote. Hakuufuta.

Siku moja adhuhuri, foleni ikiwa imefika mlangoni, mpimaji akaingia dukani amekumbatia kitu kilichofungwa blanketi. Akakiweka chini, akakifunua. Ilikuwa ile meza. Mfamasia alitoka dirishani na koti lake jeupe, akamwongoza hadi kibarazani ambako watu wasingewasikia.

"Mpelekee mkeo," akamwambia.

Mpimaji alimtazama kama mtu aliyeitwa kwa jina la mwingine. "Mke wangu amefariki. Mwaka wa tatu huu."

"Nimemwona anakupigia simu."

Ilimchukua muda kuelewa. Alipoelewa, alikaa kwenye ngazi bila kujali vumbi. "Yule ni mama yake," akasema. "Nakaa naye. Simu ilikuwa ya marehemu, mama ndiye anaitumia sasa. Jina sikulibadili. Ningeandika nini?"

"Na mwenzako asiyependa miguu myembamba?"

"Nilisema hivyo?"

"Kwa mdomo wako. Hapendi, ulisema."

Midomo ya mpimaji ilijaribu neno lile, hapendi, kisha hakupenda, na mfamasia akaona kwamba la pili linamuuma. Hasira alizotoka nazo ndani zikakosa pa kukaa. Mpimaji akasema hajui kama amekuja kuomba radhi au kuomba asubiriwe. Mfamasia akasema naye hajui anasamehe nini, kwa kuwa hakuna aliyekosa. Mzee mmoja kwenye foleni akachungulia mlangoni akauliza kama ile meza nayo inasubiri dawa, na wote wawili wakacheka, na kicheko cha mpimaji kikaishia karibu na kilio.

Meza ilibaki. Mambo mengine yalikwenda polepole. Wakati mwingine mpimaji alianza sentensi kwa "mwenzangu", akasimama katikati, na mfamasia akamwachia nafasi ya kuimaliza. Siku nyingine yeye mwenyewe alikuwa na wivu na mtu asiyekuwepo, akajionea aibu, na bado akawa na wivu.

Hata posa yenyewe ilikuja imechanganyikiwa. Walikuwa wanavuka barabara. "Sijui kama nimepona," mpimaji alisema, "ila nikiona kitu kizuri, nakutafuta wewe nikuonyeshe. Sijui hilo linaitwaje."

"Linaitwa kuposa," mfamasia akamjibu. "Ila liseme vizuri."

Walipofika ng'ambo, akalisema vizuri.

Mfamasia alipokwenda kuonana na mama mkwe wa mpimaji, alimkuta mama amevaa gauni lililopigwa pasi na kilemba cha rangi ya kahawia, na begi kubwa limefungwa kando ya mlango. Mama alimpokea kwa heshima, akamtembeza nyumba nzima kama mtu anayekabidhi ofisi. Chumbani palikuwa na meza moja kando ya kitanda, fupi na nene. Mama akasema ile ni ya binti yake, itatolewa kesho.

Mfamasia aliomba isitolewe. Kisha akauliza mama anasafiri kwenda wapi.

"Kwa mwanangu wa kiume," mama akasema. "Nimefungasha mapema ili usipate tabu ya kuniambia."

"Nani kasema nitakuambia?"

"Hakuna aliyesema. Ndivyo inavyokuwa, mwanangu."

Mpimaji alisimama mlangoni, anamtazama huyu, anamtazama yule. Mfamasia alilinyanyua begi, likamwelemea, akaanza kuliburuta kurudi ndani. Mama alimfuata akimwuliza anafanya nini.

"Haya, nikibaki," mama akasema walipofika chumba chake, "mimi kwako nitakuwa nani?"

Mfamasia aliketi kitandani kwa mama akafikiri. Mama mkwe wa mume. Mama wa mke aliyetangulia. Alijaribu kila neno alilofundishwa na shangazi zake na hakupata linaloingia. Akakiri kwamba hajui.

"Hata mimi sijui," mama akasema, akaanza kufungua begi. "Niite mama, huku tukitafuta."