Sura Aliyoundiwa Raghad

Kosa lisemwe kwanza, maana Hanin mwenyewe ameomba lisifichwe wala lisipambwe. Ni yeye aliyeliandika jina la Raghad. Hakulazimishwa na mtu. Aliliandika akicheka, baada ya sala ya alasiri, mdomo umejaa mabuyu.

Hanin ni binti wa miaka ishirini na mitatu, wa mtaa wa Kibokoni, katika nyumba ya orofa tatu nyuma ya msikiti mdogo. Shule aliishia kidato cha nne. Sala zake huzisali kwa wakati. Uraibu wake ulikuwa mmoja tu, anime za Kijapani, na zaidi ya kuzitazama alipenda kuwapendekezea wenziwe. Alikuwa na kikundi cha wasichana kwenye simu, zaidi ya mia, na wote wakimwita Daktari. Aliyeachwa na mume aliambiwa atazame ile ya mama anayepika supu kwenye kituo cha treni: "Kipindi cha saba utalia, cha nane utapona." Aliyegombana na mawifi alipewa ile ya wanawake wa panga, akate hasira zake humo. Na magemu vivyo hivyo. Aliyapenda hasa yale yanayokupa nafasi ya kumuunda mtu wako kabla hujaanza kucheza, ukamchagulia nywele, kidevu, macho, sauti na nguo. Hanin aliweza kuunda saa mbili na kucheza dakika kumi.

Raghad alikuwa binti wa khalati yake, dada wa mamake, Bi Nasiha, na wakilala chumba kimoja. Alikuwa na miaka kumi na saba na kovu shavu la kushoto, mafuta ya bajia yalimrukia akiwa mdogo. Akicheka, mkono wake ulikuwa ukienda shavuni wenyewe.

"Gemu hili sijui nani kanitumia," Hanin alisema siku ile, akimsogezea simu. "Lakini tazama! Macho peke yake aina mia."

"Leo Daktari kaandikiwa dawa," Raghad akacheka. "Haya, jiunde wewe basi, Da Hanin."

Hanin akasita. Madrasa walifundishwa kwamba mwenye kuunda sura ataambiwa siku ya Kiyama aitie roho, na hataweza. Alikuwa akijiambia hizi ni katuni tu, haziingii humo. Hata hivyo sura yake mwenyewe hakuwahi kuthubutu kuiunda.

"Mimi daftari langu limeshajaa," akasema. "Nitakuunda wewe. Wewe malaika hawajakuandikia mengi."

"Ehee! Nibebeshwe dhambi zako mimi!"

"Tulia nikuone pua."

Wakaunda, huku wakisukumana mabega. Pua ikawa pua ya Raghad, na kidevu kikawa chake. Walipofika mashavuni, Raghad akasema polepole, bila kicheko, "Kovu usilitie."

Mwisho mchezo ukataka majina mawili. La kwanza halikuwa na taabu. La pili lilipaswa kuwa la ukoo, na ukoo wao ni wa masharifu, kizazi cha Mtume, na yule msichana wa kwenye simu alikuwa kavaa sketi isiyofika magotini. Hanin akaona haya kuliweka jina la babu juu ya magoti yale. Akaandika la mama: Raghad binti Nasiha.

Mtu wa kwingine asingeona neno hapo. Lakini watu wa mji huu wanajua, hata wasipotamka, kwamba mganga akitaka kumfunga mtu na jini hamuulizi babake ni nani. Huuliza kazaliwa na mama gani. Hanin alilijua jambo hilo tangu utotoni. Siku ile halikumjia, au lilimjia akalipuuza. Hata yeye hana hakika.

Mchezo haukuanza. Hapakuwa na vita wala safari wala nini. Msichana alisimama tu kwenye skrini akizunguka polepole, kama wanavyozunguka ukishamaliza kuwaunda, ili uwaone kila upande. Simu ikapata moto, na ikatoa harufu ya nywele zilizoungua.

"Chaja yako mbovu," Raghad akasema, akaenda kutia udhu.

Asubuhi yake nyumba nzima iliamshwa na kilio cha Bi Nasiha. Kilikuwa kilio cha furaha. Alikuwa kamshika mwanawe uso kwa mikono miwili, akimgeuza upande huu na huu mbele ya dirisha. Kovu halipo. Shavu laini, kama la mtoto aliyezaliwa jana.

"Yarabi, dua zangu!" Bi Nasiha akaanguka sujudu palepale, kwenye saruji tupu.

Raghad alimtazama Hanin juu ya mgongo wa mamake. Hanin akatazama chini. Hilo, kuficha alilolijua, ni kosa la pili.

La tatu ni baya zaidi. Badala ya kuufuta mchezo, aliipeleka picha ya yule msichana kwenye kikundi, akaandika: "Gemu zuri kuliko yote niliyopata mwaka huu." Kisha, akiwa peke yake, akataka kuhakikisha kama ndilo lililoondoa kovu. Mchezoni, chini ya kila kiungo cha mwili, palikuwa na kidude cha kusukuma kwa kidole, kinacholia tik kila kikisogea. Akakisukuma cha macho, tik moja tu.

Kesho yake macho ya Raghad yalikuwa makubwa zaidi. Kidogo tu, mtu angesema kalala vizuri. Majirani walisema mashallah, ameiva. Hanin alirudi mbio kwenye simu kukirudisha kidude kilipokuwa, na hakikurudi. Kilikubali kwenda mbele tu. Alipokuwa bado kakishika, cha shingo kikasogea chenyewe. Tik.

Alikwenda na simu hadi Makupa, kwa Kyalo, fundi aliyekuwa akimtengenezea simu zake miaka yote, mtu wa mzaha asiyeogopa kitu.

"Nifutie hili gemu, Kyalo. Mimi limenishinda."

Kyalo akaipekua simu, akaigeuza, akaipekua tena. "Dada, gemu liko wapi? Humu kuna katuni zako na Kurani. Nifute ipi?"

"Usifanye mchezo, Kyalo. Hilo hapo. Msichana anayezunguka."

Kyalo aliitazama skrini, kisha akamtazama yeye, na mzaha ukamtoka usoni. "Mimi naona giza tu, dada yangu," alisema kwa sauti ndogo. "Lakini inanuka. Tafadhali iondoe mezani kwangu."

Hanin aliiponda kwa jiwe uani, akatupa vipande jaani. Siku tatu nyumba ikatulia. Siku ya nne, saa saba mchana, saa ambayo maduka ya Kibokoni yamefungwa na watu wamejilaza na vichochoro havina hata paka, Hanin alikuwa akipanda ngazi na sinia ya chakula cha Raghad aliposikia tik. Akasimama. Akajiambia ni kuni jikoni, na jikoni wanapikia gesi. Tik, tik, polepole, kama mtu anayevuta tasbihi bila kumtaja Mungu, ikitoka nyuma ya mlango wa chumba chao wenyewe, na harufu ile ya nywele ikishuka ngazi kumlaki, na yeye akisoma Ayatul Kursi akikosea mahali ambapo hajawahi kukosea tangu ana miaka sita, akausukuma mlango kwa bega kwa sababu mikono ilikuwa na sinia, akamwona Raghad kasimama katikati ya chumba, mikono imeachana kidogo na mwili, kidevu juu, anazunguka, mgongo ukaja, kisha ubavu, kisha uso wenye macho yasiyopepesa, na miguu yake, miguu miwili mitupu juu ya mkeka, haikusogea hata kidogo.

Sinia ilianguka. Raghad akaendelea kuzunguka.

Tangu hapo hakusema. Alilishwa, akavishwa, akasimamishwa na kukalishwa. Na kila siku alizidi kupendeza, kiuno kikawa chembamba kuliko kiuno cha mtu, mdomo ukawa mdogo hata kijiko kikawa tabu kuingia. Bi Nasiha aliacha kusema mashallah. Ndipo Hanin alipomwambia khalati yake kila kitu, akiwa amepiga magoti, na Bi Nasiha hakumpiga wala hakumlaani. Alisema tu, "Jina langu, Hanin? Jina langu mimi?"

Wakamwita Sharifu Muhdhar, asomeaye wagonjwa. Ni mtu wa makamo, mnene, mwenye sukari, na alizipanda ngazi akipumzika kila orofa. Alileta sahani ya kombe. Aliandika aya kwa zafarani, akamimina marashi ya mawaridi ayaoshe maandishi anyweshwe mgonjwa. Maandishi hayakuosheka. Aliitikisa sahani, akasugua kwa kidole, na herufi zikabaki kavu chini ya maji. Miaka thelathini anaandika kombe, hakuwahi kuliona hilo.

"Nani aliyelitoa jina lake?" aliuliza.

Hanin akaeleza. Sharifu akakisukuma chetezo chake cha ubani mbali, akajipangusa jasho.

"Kilichoingia kwa hila hutolewa," alisema. "Hiki kiliitwa. Kikaandikiwa jina kwa mama, kikapimiwa mwili, kikachaguliwa nguo. Nitasoma. Lakini sitawadanganya."

Akasoma tangu alasiri hadi jua likakaribia kuchwa. Kuta zikawa na joto. Ndipo mdomo ule mdogo ukafunguka, na sauti iliyotoka ilikuwa ya upole, safi, isiyo na pumzi ndani yake.

"Sikuvunja mlango, Sharifu. Nilipendekezewa."

"Toka kwa amri ya aliyekuumba!"

"Ninatoka. Nipeni sura nyingine. Yule aliyeniunda ajiandike, yeye na mamake, nami nitamwacha huyu sasa hivi, na kovu lake nitamrudishia."

Simu ya Bi Nasiha, iliyokuwa kwenye kabati, ikawaka. Kwenye skrini hapakuwa na msichana. Palikuwa na nafasi mbili tupu za kuandika, na alama ikimetameta kungojea herufi.

"Usiiguse!" Sharifu akanong'ona. "Ukijibu umefunga mkataba. Hiyo ni shirki, na kitakuhadaa, kitawachukua nyote wawili."

Lakini Hanin alikuwa kashaishika. Akaandika H, akaandika A. Na hapo Raghad akasema, si ile sauti safi, ni Raghad mwenyewe, sauti ya kuamka usingizini, yenye mafua ndani yake:

"Da Hanin. Andika, nimechoka."

"Si yeye!" Sharifu akasema. "Wallahi si yeye, usimsikilize!"

Alikuwa yeye. Hanin alilala pamoja na sauti ile miaka kumi. Anajua, na anasema anajua, na hataki mtu yeyote amfariji kwa kumwambia vingine. Akafuta A, akafuta H, akaiweka simu chini kifudifudi. Sharifu akasema alhamdulillahi, umefuzu mtihani. Na Hanin, huku akilia, alihisi moyoni kitu anachokiona aibu kuliko makosa yote matatu: alishukuru kuwa amekatazwa.

Raghad hakusema tena. Adhana ya Magharibi ilipolia, alianza kuzunguka.

Sharifu alirudi mara nne, kisha akaumwa, na siku hizi hupiga simu tu kuuliza hali. Daktari wa hospitali alisema ni mshtuko, akaandika vidonge. Bi Nasiha humwosha mwanawe kila asubuhi, humsomea, humsuka nywele ambazo haziongezeki wala hazikatiki. Kila alasiri, dakika chache, machozi humtoka Raghad kwenye macho yale makubwa, na mdomo wake ukiwa bado unatabasamu. Hapo Hanin hukaa mbele yake na kumpangusa. Hawezi kusema "nisamehe", maana hajui nani atakayemjibu.

Habari zimeenea. Watu huja kutoka Tononoka, kutoka ng'ambo, wengine na maandazi, wengine na macho tu. Wasichana wa kikundi walikuwa wa kwanza kuja. Husimama mlangoni wakishikana mikono, na husema jinsi alivyo mzuri, kama hawa wa kwenye anime kabisa, na simu hutoka mikobani.

Hanin hawezi kuwafukuza wote, na Bi Nasiha amechoka. Basi ombi ni moja, nalo ni lako unayesoma. Ukifika nyumba ile, ingia, mpe Raghad salamu kama unavyompa mtu, keti naye ubavuni hata kama hakuitikii. Lakini tafadhali, usimpige picha.