Maumivu Aliyoyajua Shija

Kila Jumamosi ya msimu wa kulima, jua likichomoza kijijini Milepa, msichana Shija huwa ameshawafikisha ng'ombe shambani. Baba yake, Masanja, hushika plau nyuma, naye hutangulia mbele akiwaita ng'ombe kwa majina. Kazi hiyo aliipenda kuliko usingizi, na kwa mdomo aliokuwa nao hakuna ng'ombe aliyethubutu kwenda upande.

Jumamosi moja tumbo lilimkata ghafla, chini upande wa kulia, akajikunja na kukaa chini.

"Hilo ni chango," bibi yake alisema, akaenda kumchemshia mizizi.

Shija alijua si chango. Mwaka uliopita maumivu yaleyale yalimfikisha chumba cha upasuaji mjini Sumbawanga. Ovari yake moja, kiungo kinachotunza mayai ya uzazi, ilikuwa imejisokota. Daktari Cornelia aliizungusha ikarudi sawa, akamwonya awahi hospitali maumivu yakirudi. Lakini jirani mmoja alimwambia kuwa msichana akipasuliwa mara ya pili, hazai tena. Naye Shija alitaka sana kuja kuwa mama, tena wa watoto wengi wenye kelele. Basi akanywa mizizi, akanyamaza.

Alipoanza kutapika, hofu ilimzidi. "Mama, ni yale ya mwaka jana," alisema akilia. "Naogopa wataniondolea uzazi."

Mama hakungoja. Lori la mnunuzi wa mahindi lilikuwa linaondoka. Akalisimamisha kwa kusimama katikati ya barabara. Likawapakia, likapanda mlima kuelekea Sumbawanga, dereva akipiga honi hadi mbuzi wakatawanyika.

Alipozinduka wodini baada ya upasuaji, neno lake la kwanza lilikuwa, "Shikamoo, Daktari. Mmeitoa?"

"Marahaba. Ipo," alijibu Daktari Cornelia. "Ilishaanza kuwa nyeusi, ila tulipoizungusha damu ikarudi. Safari hii tumeishona mahali pake isijisokote tena. Ukikua, unaweza kuzaa kama wenzako."

Mama alipiga vigelegele. Nesi akamwomba atulie, naye akapiga tena. Shija alilia na kucheka kwa pamoja.

"Sasa sikia, mwanangu," daktari alisema. "Ungenyamaza mpaka kesho, tungeikosa. Mwili ukiuma, mwambie mtu mzima palepale, hata kama unaogopa atakachokujibu."

Shija alifikiri kidogo. "Basi, Daktari, mshono unauma."

Daktari akacheka, akamwagiza nesi alete dawa.