Macho Yafumbwe Mpaka Amina

Alhamisi, saa kumi jioni. Barabara ya Kirinyaga.

Chumba kilikuwa nyuma ya duka la vipuri vya magari. Kilinuka mafuta ya gia na soksi. Ngui alichora ramani ya tamasha juu ya meza kwa tomato sosi, kwa kuwa katika genge zima hapakuwa na mtu mwenye kalamu.

"Hili ni geti. Hizi chipsi ni mahema. Soseji ni jukwaa."

"Na hiyo kachumbari?" akauliza Mbugua.

"Hiyo ni kachumbari, Mbugua."

"Sawa, Mwenyekiti."

Walimwita Mwenyekiti kwa sababu shuleni aliongoza umoja wa wanafunzi Wakristo. Wizi aliuanza baadaye. Maombi hakuyaacha.

"Siku ya kwanza watapiga picha mpaka betri zife," akaendelea. "Kwenye mahema hakuna stima. Jumamosi alasiri wote watapeleka simu kwa kibanda cha kuchaji, zijae kabla msanii mkubwa hajapanda. Simu za watoto wa Kilimani, simu za watoto wa Kitisuru, zote chini ya paa moja. Sisi tunaingia na sufuria."

"Sufuria?" akauliza Kasiva. Yeye ndiye aliyekuwa dereva.

"Tumezibandikia foili ndani. Simu ikifunikwa humo, netiweki haiioni. Mwenyewe atadhani imenyakuliwa."

Gichuru akacheka kwa adabu. Kila kitu alikifanya kwa adabu. Alikuwa na tabasamu la kiranja anayejiandaa kwenda ofisi ya mwalimu na majina yenu.

Ngui alimaliza soseji, ikawa jukwaa halipo tena. Kisha akaacha kutafuna.

"Sijamsahau Fidel."

Mwezi uliopita waliingia duka la vito huko Kilimani, wakakuta polisi wamefika kabla yao. Fidel alipigwa risasi ya shingo. Alibaki kwenye lami, kiatu kimoja huku, kingine kule. Kasiva aliliondoa gari bila hata mkwaruzo.

"Kuna mtu alituuza," Ngui akasema. "Yuko hapa, anakula chipsi zangu. Karao wakitokea tena Jumamosi, nitamjua. Nitamzika kwenye tope kabla hajamaliza kukataa."

Alisema hivyo akimtazama Kasiva.

"Sikuuza mtu, Mwenyekiti."

"Hata Petro alikana."

Kasiva alijua hesabu ilivyokaa. Katika wote, yeye ndiye aliyetoka bila hata jeraha, na katika genge lile hilo lilitosha kuwa kosa. Karao wakionekana Jumamosi, atakufa yeye.

"Sheria ya maombi mnaijua," Ngui akamalizia. "Macho yafumbwe mpaka Amina."

Mbugua akauficha mkono wake wa kushoto. Kidole chake cha mwisho kilikuwa kimepinda upande, kama kibao cha barabara kilichogongwa na lori. Mwaka jana alifumbua macho katikati ya maombi ili aangalie sambusa. Gichuru alimripoti. Ngui alikivunja kidole kile kwa spana, kisha akakiombea kipone.

Ijumaa, saa sita mchana. Kitisuru.

Mvua ilikuwa imefika kabla yao. Shamba la zamani la kahawa liligeuka uji. Kasiva aliiacha pikapu chini ya miti ya migrevilea, nyuma ya uwanja, uso wake ukielekea lango la nyuma. Kutoka hapo kila kitu kilibebwa. Mbugua alijitwisha magodoro mawili kichwani na jiko mkononi. Alitembea kwa huzuni ya mtoto anayeripoti kidato cha kwanza. Mbele yao msichana mwenye pambo puani alizama mpaka magotini. Alitolewa na watu watatu. Viatu vyake havikutolewa.

Getini askari mwenye koti la mvua alifungua begi la Ngui.

"Unga?"

"Wa ugali, afande."

"Na hizi sufuria zote?"

"Sisi hupika, afande."

"Mungu awabariki. Hawa wengine wamekuja na pombe tu." Akawafunga bangili za karatasi mkononi, wakaingia. Bastola ilikuwa ndani ya unga. Ilikuwa ya zamani, ya tumbo la kuzunguka, yenye risasi sita.

Hema lilichukua saa nzima kusimama. Lilianguka mara mbili. Mara ya tatu Mbugua alipigilia vigingi kwa nyundo kubwa ya mpira, akivitukana kimoja kimoja kwa Kikuyu.

Jumamosi, saa tisa alasiri. Ndani ya hema.

Mvua ilipiga turubai kama kokoto. Vifaa viliwekwa katikati ya mkeka ili vibarikiwe: nyundo, kisu, sufuria mbili, bastola. Ngui aliikagua mbele yao. Sita. Akaifunga na kuilaza chini. Baada ya hapo ilikuwa mwiko kuiangalia tena. Jambo lililokwisha kuombewa halikaguliwi. Kulikagua ni kumtilia Mungu shaka.

"Tufumbe macho."

Wakafumba. Ngui akaanza. Alishukuru kwa uhai. Alishukuru kwa mvua, hata kwa niaba ya wakulima. Aliwaombea wagonjwa katika hospitali zote za umma.

Kasiva alisikia kitu. Kidogo, kama jino kwenye jino. Akafumbua jicho moja.

Mkono wa Gichuru ulikuwa juu ya bastola. Tumbo la risasi lilikuwa wazi. Ngui alipowaombea wajane, risasi ya kwanza ilitoka. Alipofika kwa mayatima, ya pili. Wafungwa wakaondoka na mbili. Wasafiri, moja. Viongozi wa nchi waliombewa kwa ufupi, lakini hata hapo Gichuru alimaliza. Risasi zikaingia soksini mwake. Bastola ikarudi mahali pake.

Midomo yake wakati wote ilikuwa ikisema "Ndiyo, Bwana."

Kasiva akafumba jicho. Aseme nini? Nimeona? Na Mwenyekiti atauliza: umeona na nini? Hapo ndipo atakuwa amempata aliyekuwa akimtafuta tangu Kilimani.

"Amina," akasema Ngui.

"Amina," wakaitikia wote. Gichuru kwa sauti kubwa zaidi.

Saa kumi na dakika chache.

Kibanda cha kuchaji kilikuwa na meza ndefu, nyaya kama tambi, na simu zimelala safu kwa safu. Kulikuwa na mhudumu mmoja, Becky, na askari mmoja mwenye rungu.

Mbugua hakusalimia. Nyundo ilimpata askari mdomoni. Meno yalitoka na damu, yakadondoka juu ya simu ya mtu. Ngui akanyanyua bastola.

"Lala chini, dada. Funika uso."

Becky akalala. Gichuru akashika mlango. Kasiva na Mbugua walikokota simu kwa mikono miwili, wakazimimina kwenye sufuria, nyaya zikikatika tak, tak, tak.

Kisha askari akainuka. Mdomo wake ulikuwa shimo jekundu. Akaliokota rungu lake, akamwendea Ngui.

"Nitapiga," Ngui akasema.

"Piga," askari akasema, kadiri mdomo ule ulivyoweza kusema.

Kidole cha Ngui kikakaza. Kasiva akaruka kabla bastola haijajulikana kuwa tupu. Alimgonga askari kisogoni kwa sufuria nzito, mara moja, mara mbili, na mara ya tatu kitu kikalegea ndani ya kichwa kile. Akaanguka kifudifudi kwenye tope la mlangoni. Kasiva akamgeuza kwa mguu ili apumue.

Ngui alimtazama. "Nani amekutuma uingilie?"

"Mlio ungeita watu, Mwenyekiti."

"Hm," akasema Ngui. Haikuwa hm nzuri.

Wakatoka. Mbele, maelfu ya watu waliruka kwa pamoja, wakirusha tope mpaka kwenye spika. Wao walipita nyuma ya mahema, sufuria vifuani, wakizama, wakitoka, wakizama. Hatua kumi zilikuwa kazi ya dakika.

"Simama! Polisi!"

Walikuwa wawili, nguo za kiraia, viatu vikavu. Viatu vikavu katika shamba lile! Watu hao walikuwa wamesubiri mahali, wamekaa.

Mbugua aligeuka na nyundo. Risasi ya kwanza ilimpata tumboni. Hakuanguka. Akapiga hatua mbili zaidi, akamvunja mmoja mkono kwa nyundo, na mfupa ukalia kama kuni. Risasi ya pili ilimpata usoni. Sufuria yake ikafunguka. Simu zikamwagika topeni kando yake, zikapata netiweki, zikaanza kuita zote kwa pamoja. Kwenye kioo cha moja paliandikwa "Mum". Mbugua hakuipokea.

Wengine watatu wakakimbia.

Chini ya migrevilea.

Pikapu ilikuwa imezama hadi kwenye ekseli. Kasiva aliweka sufuria chini, akavuta turubai la akiba kutoka nyuma ya gari ili alitandike chini ya magurudumu. Hakufika. Mdomo wa bastola ulimgusa kwenye paji la uso.

"Walitungojea," Ngui akasema. Alikuwa akilia bila kujua. "Walikuwa wamekaa, wananingojea mimi."

"Si mimi."

Kasiva alijua bastola haina kitu. Mikono ikainuka hata hivyo.

"Ni yeye, Mwenyekiti," Gichuru akasema taratibu, akipangusa tope kwenye kola. "Nilisita kukwambia. Hata leo wakati wa maombi alifumbua jicho. Nilimwona."

Mvua ikanyesha. Mbali, jukwaani, mtu aliuliza umati kama wako sawa. Umati ukajibu kwamba uko sawa.

Kitu kilikuwa kinapita usoni mwa Ngui polepole, kama gari kubwa linalopanda mlima.

"Ulimwona."

"Kwa macho yangu haya."

"Na Mbugua," Ngui akasema. "Na sambusa yake. Huyo pia ulimwona."

Tabasamu la Gichuru likabaki pale lilipo, lakini hakuna mtu aliyekuwa nyuma yake tena. Ngui akageuza bastola, akafyatua.

Tak.

Akafyatua tena. Tak. Akaitazama bastola kama mtu aliyetukanwa na mama yake.

Gichuru alikuwa ameshaingia na kisu. Alikiingiza chini ya mbavu, akakizungusha, akakitoa, akakiingiza tena. Alifanya hivyo bila hasira. "Samahani, Mwenyekiti," akasema, na huenda alimaanisha.

Kasiva alichukua jeki ya gari. Ilikuwa ya chuma, nzito kama dhambi. Alimpiga Gichuru kwenye sikio. Gichuru akapiga magoti. Alimpiga tena, na uso ule wa adabu ukakunjamana upande mmoja. Alimpiga mpaka mikono ikakataa. Kutoka kwenye soksi ya Gichuru risasi ziliteleza, zikaingia kwenye matope moja moja, kwa mpangilio ule ule wa maombi.

Ngui alikuwa amekaa, mgongo kwenye mgrevilea, mikono miwili tumboni. Damu ilipita kati ya vidole.

"Ni kweli ulifumbua?"

"Jicho moja."

"Ukaona akizitoa?"

"Zote."

"Mbona hukusema?"

"Ungeniuliza nimeona na nini."

Ngui akafikiri. Akakubali kwa kichwa. Huko kwenye mahema filimbi za polisi zilikuwa zinakaribia, zinapotea, zinakaribia tena.

"Nibebe, Kasiva."

Kasiva alimtazama. Akilini alikiona kidole cha Mbugua kilichopinda. Alihisi baridi ya chuma, bado ipo kwenye paji lake.

"Tuombe kwanza, Mwenyekiti."

Uso wa Ngui ulilainika. Hilo alilielewa. "Anza."

"Fumba macho."

Akafumba.

"Baba," Kasiva akaanza kwa sauti ya utulivu, "tunakushukuru kwa uhai." Akatandika turubai chini ya gurudumu la kushoto. "Tunakushukuru kwa mvua." Gurudumu la kulia. "Wakumbuke wagonjwa." Akaisukuma sufuria ya simu mpaka kando ya Ngui, akaondoa kifuniko. Hakutaka hata moja. "Wakumbuke wafungwa, Baba. Na wasafiri."

Injini ikawaka. Turubai likachanika, likashika, na pikapu ikapanda kutoka topeni ikinguruma. Ikapita lango la nyuma, ikaingia lami.

Simu zikaanza kuita. Zilikuwa nyingi. Kuzifuata kulikuwa rahisi kama kufuata kengele ya chakula.

Polisi walimkuta Ngui akiwa hai, ameketi wima, akitetemeka, macho yamefumbwa kabisa. Wakamuuliza dereva alikuwa nani na amepita njia gani.

Alisema hakuona. Na ilikuwa kweli, kwa maana hakuna aliyekuwa amesema Amina.