Uwanja Usio na Mbingu

Sogeeni, wajukuu zangu. Huyo aliye kibarazani aingie, na mlango urudishwe. Kijiko kisigonge kikombe. Hili nitalisema kwa sauti ya chini, na atakayecheka atacheka peke yake, mimi simo.

Ilikuwa mwaka wa tisini na sita, asubuhi ya Jumatatu kama Jumatatu zote. Kaingu alitoka kwake Majengo akaja Mji wa Kale kuitikia wito. Alikuwa fundi wa maturubai, kibanda chake kiko Makupa, akishonea malori. Mgiriama mfupi, mcheshi, mtu wa kanisani, mkono mwepesi. Na alikuwa na desturi moja aliyoachiwa na babake: akichukua kipimo cha kazi kwa uzi, uzi ule ule huushonea ndani ya pindo. Turubai likichakaa baada ya miaka kumi, unafumua pindo, kipimo unakikuta.

"Kazi yangu haipotezi kipimo," alikuwa akijisifu.

Aliyemwita ni Bwana Badawi, karani mstaafu wa bandarini. Goti lilikuwa limemharibikia, daktari kamkataza kuzunguka uwanjani, na gofu ndiyo roho yake. Basi mpwa wake akamletea mashine kutoka Dubai. Projekta yatupa picha ya uwanja juu ya pazia, wewe wapiga mpira wa kweli kwenye pazia hilo, na kompyuta yakwambia mpira ungefika wapi. Mkewe, shoga yangu Mwanakuu, ndiye aliyemlaki fundi mlangoni.

"Karibu, fundi. Ndoo uone kioja. Mume wangu ataka kuotesha nyasi ukumbini."

"Atamwagilia nani, mama?"

"Mimi, kwa machozi."

Kumbi za nyumba zetu za kale mwazijua: ndefu, nyembamba, maana boriti haivuki zaidi ya urefu wake. Ule ulikuwa hatua kumi na nne kwenda ndani, kisha ukuta wa mwisho, upana futi kumi hivi. Hapo ndipo pa kutundika pazia. Badawi alitaka lijaze kona hadi kona. Kaingu akatikisa kichwa.

"Mzee, mpira ukigonga jiwe la kona utarudi kuyatafuta meno yako. Futi tisa zatosha. Pembeni na juu tutatia turubai jeusi la kukinga."

"Na kimo?"

"Hilo waniambia wewe. Mashine yako yatupa picha ya umbo gani?"

"Mpwa wangu asema upana mafungu manne, kimo mafungu matatu. Umbo la televisheni. Pazia likizidi kimo, patabaki ukanda mtupu. Likipungua, picha yamwagikia ukutani. Nimeshapiga kipimo kwa uzi. Uzi mzima ni upana, hadi kwenye fundo ni kimo. Wewe ukuze tu hadi ufike futi tisa. Utauona kwenye msumari, nyuma ya mlango."

Nyuma ya mlango palikuwa na misumari miwili. Kwenye mmoja ulining'inia uzi wa katani, kwenye wa pili uzi mweupe wa pamba. Zote mbili zilikuwa na fundo. Kaingu akachukua ule mweupe, kwa kuwa ulikuwa safi.

Sisi tungejua. Hata mtoto wa mtaa huu angejua. Miezi minne nyuma, Shebwana, nduguye mkubwa Badawi, alifia nyumba hiyo. Na kwao maiti hupimwa kwa uzi mweupe ili wachimbaji wajue ukubwa wa kaburi: uzi mzima ni urefu wake, hadi kwenye fundo ni upana wa mabega. Kisha uzi huzikwa naye. Badawi ndiye aliyepewa kuupeleka makaburini. Akausahau kwenye msumari, na akaona haya kusema. Kaingu, ambaye kwao maiti hupimwa kwa futikamba na kuzikwa kwa jeneza, angejuaje?

Pazia likatoka futi tisa kwa futi tatu. Kaingu aliona hayo si manne kwa matatu, lakini uzi ni wa mwenye kazi; akajicheka. "Labda gofu ni mchezo wa watu wanaotambaa." Akapenyeza uzi ndani ya pindo, akashona.

Siku ya kulitundika, Badawi alikunja uso.

"Fundi, hili ni pazia au mshipi?"

Kaingu alikuwa amefungua kinywa kuomba radhi, mashine ikawashwa. Picha ikaenea. Pembe kwa pembe. Haikumwagika hata unywele. Uwanja mrefu, wa kijani, umelala. Badawi akasahau hasira zake. Kaingu peke yake ndiye aliyeona kwamba uwanja ule haukuwa na mbingu.

Badawi akapiga mpira wa kwanza. Mpira ukigonga turubai hulia *paa*. Ule ulilia *puu*, kama donge la udongo juu ya ubao. Wala haukurudi.

Wiki ya tatu, baada ya adhuhuri, Mwanakuu alikwenda Makupa mwenyewe, buibui limemwenda upande.

"Fundi, uzi ulioutwaa ulikuwa wa rangi gani?"

"Mweupe, mama."

"U wapi?"

"Ndani ya pindo. Kwani vipi?"

Mwanakuu aliketi chini juu ya maturubai ya watu. Akamweleza habari ya Shebwana. Akamweleza kwamba Badawi yumo ukumbini tangu jana. Akiitwa aitika, lakini asema haoni mlango. Aliyesimama kizingitini amwona amekaa pale pale, na akinyosha mkono haumfikii.

"Ukumbi wangu ulikuwa hatua kumi na nne. Jana tisa. Leo tano. Kipimo kilichokoseshwa mtu wake chatafuta mtu, fundi. Nimenyosha mkasi nilikate pazia, haulifikii. Mkono ulioshona ndio utakaofumua. Ukuta ukimfikia, mume wangu atazikwa amekaa."

Walipofika, stima ilikuwa imekatika mtaa mzima. Ndani ya ukumbi picha ilikuwa yawaka.

Kaingu akaingia na sindano yake. Alihesabu. Moja. Mbili. Tatu. Akawa amefika.

Badawi amejikunyata, magoti kidevuni.

"Umeuacha mlango wazi?" alinong'ona.

"Ndio, mzee."

"Hebu tazama."

Kaingu akageuka. Ukuta. Jiwe na chokaa, karibu kiasi cha kuushika. Boriti zilimgusa nywele, naye ni mfupi.

Pindo lenye uzi lilikuwa la chini, limelala sakafuni. Nafasi ya kupiga goti haikuwapo. Ikambidi alale ubavu wa kulia, uso kwa pazia. Akafumua mshono wa kwanza kwa ncha ya sindano. Wa pili. Wa tatu. Akarudisha kidole nyuma autafute uzi.

Mshono wa kwanza ulikuwa umefungwa.

Akaufumua tena. Ukafungwa tena. Kaingu akazuia pumzi, akasikiliza. Upande wa pili wa pazia, ambako hapakuwa na kitu ila ukuta, sindano ilikuwa ikipenya turubai. Polepole. Mkono wa mtu asiye na haraka.

Mgongo wake ukaguswa na jiwe.

"Mzee," alimnong'oneza yule asiyemjua, wa nyuma ya pazia. "Uzi huu si wangu. Ni wako. Nilikosea mimi. Niachie nikuletee."

Kule ng'ambo mshono ukasita.

Sindano yake ikavutwa vidoleni, ikazama upande wa pili. Kisha uzi ukaanza kutoka wenyewe, ukimmiminikia kiganjani. Ulikuwa na mchanga mbichi. Ulikuwa na joto.

Mwanakuu alinambia alichoona yeye ni miguu miwili kizingitini, akaivuta. Kaingu akatoka, amemshika Badawi kwa ukosi. Nyuma yao ukumbi ukarudia hatua zake kumi na nne.

Alasiri ile ile waliupeleka uzi makaburini. Badawi akaunyosha kando ya kaburi la nduguye. Shebwana alikuwa mrefu, mtu wa kugonga vizingiti kwa paji la uso. Uzi ulikuwa mfupi. Badawi akainua macho kumtazama fundi, akayashusha upesi. Kaingu akauchukua, akausimamisha kando ya mwili wake. Ukamtosha kisiginoni hadi utosini. Fundo likatosha bega hadi bega.

Akaufukia kwa mikono yake.

Aliishi mwaka mmoja na siku chache. Musyoka, seremala wa majeneza, alipokwenda Majengo na futikamba yake, Mapenzi, mjane wa Kaingu, alimzuia.

"Kipimo kipo. Nimekikuta asubuhi nyuma ya mlango."

Uzi mweupe, fundo moja, mchanga mbichi. Safari hii uliingia jenezani, Mapenzi akisimamia.

Mapenzi alirithi kibanda na sindano, zote ila moja, ile iliyobaki ukumbini. Badawi alipokwenda kwa Mola wake, fimbo za gofu na mashine vilimwendea mpwa, naye hajaiwasha hadi leo. Nyumba ilibaki kwa Mwanakuu, na Mwanakuu hakuwa na mtoto, akaniandikia mimi. Ndiyo hii. Ukumbi ndio huu tulimokaa.

Jana nimeupima kwa miguu. Hatua kumi na mbili. Mtasema ni uzee. Uzee hufupisha hatua, wanangu. Hesabu ingezidi, isingepungua.

Wewe uliye nyuma, usigeuke kwa ghafla. Niambie tu kama bado wauona mlango.